Kipi Kitangulie? Historia ya Mfuatano wa Kuunganisha Vyombo Vilivyofika kwa Vipande, kutoka Ziwa Viktoria hadi Nakaloke

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uamuzi mmoja wa kiufundi ambao historia yake haijaandikwa sana kwa Kiswahili: chombo kinapofika kikiwa vipande, kipi kitangulie kuunganishwa na kipi kisubiri? Mifano imechukuliwa kutoka katika mashua, meli na ndege zilizobebwa kwa vipande hadi kwenye maziwa ya Afrika Mashariki na Kati tangu mwaka 1875. Makala yanadai kwamba mfuatano wa uunganishaji haukukaa ndani ya namba zilizopigwa kwenye vipande, bali uliamuliwa upya mahali pa kazi, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo madhubuti za kuueleza uamuzi huo. Nyenzo hizo, hasa neno "ndipo" na kiambishi -ja- cha ukanushi, ndizo zinazopotea tunapotafsiri miongozo ya kiufundi kama orodha ya amri. Makala yanapendekeza zirejeshwe katika ufundishaji wa Kiswahili cha ufundi nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Nakaloke ni mji mdogo ulio kaskazini mwa Mbale, kwenye barabara iendayo Kumi na Soroti. Kando ya barabara hiyo zipo karakana za wachomeleaji, za mafundi baiskeli na za mafundi wa mashine za kusaga nafaka. Lugisu, Lugwere, Ateso na Luganda husikika humo kila siku, na Kiswahili huingia pale ambapo fundi na mteja wake hawakulelewa katika lugha moja.

Katika karakana mojawapo, mwandishi wa makala haya alipata kutazama mashine ya kusaga mahindi ikiunganishwa. Vipande vilikuja na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, yenye hatua zilizopewa namba. Kijana mmoja aliisoma kwa sauti. Mzee mwenye karakana alisikiliza mpaka mwisho, lakini hakuanza na hatua ya kwanza. Alivipanga vipande chini juu ya turubai, kisha akawa anauliza juu ya kila kimoja: hiki kitafunika kipi? Kifuniko cha mkanda, ambacho karatasi ilikitaja mapema, alikiweka kando hadi mwisho, kwa kuwa kikishafungwa mkono haufiki tena kwenye nati zinazoishika mota. Kijana alidhani mzee ameidharau karatasi. Kwa kweli mzee alikuwa ameisoma kwa namna nyingine: aliitazama kama habari ya vipande vilivyopo, wala si kama amri ya kufuata tarakimu.

Swali la mzee huyo ndilo linaloongoza makala haya. Wanahistoria wa usafiri katika ukanda wetu wameandika mengi kuhusu reli na meli, nani alizilipia na zilibeba nini. Ni nadra kuulizwa jinsi watu waliosimama ufukweni, mbele ya marundo ya chuma, walivyoamua waanzie wapi. Ni nadra zaidi kuulizwa waliamua kwa lugha gani. Maswali hayo mawili hayatengani, kwa sababu mfuatano usiosemeka hauwezi kufundishwa wala kusahihishwa.

2.0 Kuunda kabla ya kuunganisha

Kiswahili hakijawahi kulichukulia jambo hili kijumla. Nyumba hujengwa, kikapu husukwa, chombo cha majini huundwa. Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson inalihusisha neno -unda hasa na useremala na kazi ya kutengeneza vyombo vya majini. Kutokana na mzizi huo tumepata "kiunzi", "muundo" na "maunzi", neno ambalo wanateknolojia wamelichukua kwa ajili ya sehemu za kompyuta zinazoshikika. Wanaisimu tunapozungumzia muundo wa sentensi, tunatumia bila kukumbuka neno la mafundi wa majahazi.

Mafundi hao walikuwa na mifuatano zaidi ya mmoja. Katika kuunda mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, mbao za ubavu zilishonwa kwanza, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakatiwa baadaye. Ganda la chombo lilitangulia mifupa yake, na umbo lilitokana na jicho na mkono wa fundi aliyezikunja mbao. Katika meli ya chuma ya karne ya 19 mambo yaligeuka: mkuku ulilazwa, mataruma yakasimamishwa juu yake, na ndipo mabamba ya ubavu yakapigiliwa. Mifupa ilitangulia ganda, na umbo lilikuwa limekwisha kuamuliwa katika michoro mbali na hapo.

Bara nako kulikuwa na elimu hiyo. Mitumbwi mikubwa ya Buganda na visiwa vya Ssese ilikuwa ya mbao zilizoshonwa juu ya gogo la chini. Kwa hiyo vipande vya chuma vilipoanza kufika kwenye Ziwa Viktoria, havikuwakuta watu wasiojua kuunganisha. Viliwakuta watu wenye mfuatano mwingine. Tofauti hiyo ni muhimu: anayejua mfuatano mmoja anajua tayari kwamba mfuatano ni jambo la kuchagua na kwamba kila uchaguzi una gharama yake.

3.0 Lady Alice: kipande kinapimwa kwa njia

Chombo cha vipande kinachojulikana zaidi katika historia ya awali ya ziwa hili ni mashua Lady Alice ya Henry Morton Stanley. Iliundwa Uingereza, ikiwa na urefu wa futi 40 hivi, na ikagawanywa katika sehemu ili ibebwe na wapagazi. Ilipofika Zanzibar mwaka 1874 ilidhihirika kwamba sehemu zake zilikuwa pana na nzito mno kwa njia za bara. Ilibidi zikatwe na kupunguzwa hapo hapo kisiwani kabla ya msafara kuondoka Bagamoyo mwezi Novemba mwaka huo.

Mkasa huo mdogo una somo la kwanza. Aliyeigawa mashua Uingereza aliuliza itagawanyika vipi kwa urahisi na kuungana vipi kwa uimara. Hakuuliza kipande kitapita wapi kabla hakijafika majini. Njia ya mguu, yenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake, ilikuwa hatua ya kazi kama hatua nyingine yoyote, nayo ilitangulia zote. Walioijua walikuwa Wangwana, wapagazi wa pwani waliozungumza Kiswahili.

Msafara ulifika Kagehyi, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa Februari 1875, na mashua ikashushwa majini mwezi Machi. Katika kulizunguka ziwa, Stanley na mabaharia wake walipita karibu na mahali ambapo Mto Nile unatoka, palipo Jinja ya leo, kabla ya kufika kwa Kabaka Mutesa mwezi Aprili. Baadaye mashua ilifunguliwa tena, ikabebwa hadi Ziwa Tanganyika, kisha hadi Mto Kongo, ambako iliachwa mwaka 1877. Kwenye Mto Kongo nahodha mshika usukani alikuwa Uledi, mmoja wa Wangwana. Chombo kilichofunguliwa na kuunganishwa mara kadhaa na watu wale wale hakihitaji tena karatasi, kwa maana mfuatano umehamia mikononi mwao. Hata hivyo, katika vitabu jina lililobaki kubwa ni la mwenye mashua.

4.0 William Mackinnon: chombo kilichotangulia njia yake

Meli ya mvuke William Mackinnon ilipewa jina la mwasisi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Iliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan ya Paisley, Uskoti, kwa utaratibu ambao baadaye ulikuwa wa kawaida kwa meli za maziwa yetu. Meli ya namna hiyo iliunganishwa kwanza kiwandani kwa bolti, kila kipande kikatiwa alama, kisha yote ikafunguliwa na kupakiwa kwa safari ya bahari. Kazi ya kuipigilia ribiti kwa kudumu iliachwa ifanyike kwenye ufukwe wa ziwa.

Vipande vya William Mackinnon vilifika Mombasa katika miaka ya 1890, wakati reli ya Uganda ilikuwa bado haijafika ziwani. Reli hiyo ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Kwa hiyo mizigo mingi ilisafiri kwa vichwa na mabega ya wapagazi kutoka pale reli ilipoishia. Vipande havikufika pamoja, na vingine vilipotea njiani. Meli ilishushwa majini mwaka 1900, miaka kadhaa baada ya kupakuliwa Mombasa.

Tujiulize hali ilivyokuwa kwa fundi aliyekuwa Kisumu. Mbele yake palikuwa na vipande vyenye namba, lakini mlolongo wa namba ulikuwa na mapengo. Namba ilimwambia kipande kinakaa wapi katika chombo kilichokamilika, lakini haikumwambia afanye nini leo, ambapo taruma fulani halijafika na mabamba ya upande mwingine yapo. Ilimlazimu kutofautisha kazi ambazo haziwezi kuanza bila kipande kilichokosekana na kazi zinazoweza kuendelea kando. Ilimlazimu pia kuamua iwapo kipande kinangojewa au kinatengenezwa kingine badala yake.

Hapa Kiswahili kinatofautisha mambo mawili ambayo fundi asingeweza kuyachanganya bila hasara. Kipande "hakijafika" ni kipande kinachotarajiwa. Kinaacha nafasi yake wazi katika kazi. Kipande "hakikufika" ni kipande ambacho habari yake imekwisha. Nafasi yake inapaswa kuzibwa kwa njia nyingine. Kiambishi -ja- kinaonyesha kwamba tukio halijatokea, na papo hapo kinaonyesha kwamba mlango wa tukio hilo haujafungwa. Ni vigumu kupata kiambishi kinachofaa zaidi kwa ufukwe uliojaa masanduku nusu.

5.0 Kisumu, Jinja, Namasagali: mfuatano wa ukanda mzima

Kisa cha William Mackinnon kinafunua pia mfuatano mpana zaidi. Chombo kilianza safari kabla njia yake haijakamilika, na gharama yake ikawa miaka. Baada ya reli kufika Kisumu mpango ulijipanga upya. Meli za Winifred na Sybil zilifuata mwanzoni mwa karne ya 20, Clement Hill mwaka 1907, na Usoga na Rusinga kabla tu ya vita vya kwanza vya dunia. Vipande vyake viliteremshwa Kisumu kutoka kwenye mabehewa. Si bure kwamba meli iliyoundwa Paisley ikaitwa Usoga, kwa kiambishi u- cha Kiswahili, wakati wenyeji wa upande wa Jinja huiita nchi yao Busoga. Hata jina lilikuwa limepitia pwani.

Meli za Ziwa Viktoria zilipokuwa tayari, hatua nyingine iliwezekana. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 ili kuunganisha Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga. Kwa muda wa miaka mingi reli hiyo haikuungana na reli nyingine yoyote. Vichwa vyake vya treni na vyuma vyake havikuwa na njia nyingine ya kuingia ila kwa maji, kupitia bandari ya Jinja. Meli za Kyoga, kama vile Speke na Stanley, nazo zilitegemea mnyororo huo huo. Chombo kilizaa njia, na njia ikazaa chombo.

Mwisho wa mnyororo huo ulikuwa pamba. Marobota ya mashariki ya Uganda, yakiwemo ya Mbale na Teso, yalivuka Kyoga hadi Namasagali, yakapanda treni hadi Jinja, yakavuka ziwa hadi Kisumu, kisha yakateremka kwa reli hadi Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kutoka Tororo ilipopita Mbale hadi Soroti, mfuatano ulivunjwa na kupangwa upya, na Namasagali ikaanza kupoteza nafasi yake. Mkulima wa pamba wa Nakaloke huenda hakuwahi kuiona meli hata moja. Hata hivyo bei aliyolipwa shambani ilikuwa imebeba gharama ya kila kiungo kilichotangulia na kila kiungo kilichochelewa. Mfuatano mbaya hauumizi fundi peke yake. Humfikia pia yule aliye mwisho wa foleni, asiyejua ulipoharibikia.

Utaratibu wa meli za vipande haukuishia ukoloni. Victoria, iliyotengenezwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ilifunguliwa, ikaletwa na kuunganishwa tena Kisumu, na kuanza kazi mwaka 1961. Katika miaka hiyo ya 1960 zikafuata meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizounganisha bandari za Kisumu, Mwanza, Musoma na Jinja. Majina hayo sasa yalikuwa ya Kiswahili kitupu, na maana yake ilikuwa ya kisiasa. Lakini Umoja, kabla ya kuwa umoja, ilikuwa vipande.

6.0 Götzen: kufungua kwa nia ya kuunganisha tena

Mfano ulioandaliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote ni meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kwa jina la Liemba. Iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi. Masanduku yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg walikuja kusimamia kazi, iliyofanywa na mafundi wa Kihindi pamoja na vibarua wengi Waafrika. Meli ilishushwa majini mwezi Februari 1915.

Katika kazi ya aina hii mifuatano mitatu inagombana. Kuna mfuatano wa kupakia, ambapo kizito hukaa chini ya ngama ya meli na kwa hiyo hutoka mwisho. Kuna mfuatano wa kusafirisha, unaofuata nafasi ya mabehewa. Na kuna mfuatano wa kuunganisha, ambao hutaka kizito kiingie mapema: boila na injini sharti ziingie kabla sitaha haijafungwa, la sivyo iachwe nafasi wazi ya kuziteremshia. Kinachotoka mwisho ndicho kinachohitajika mwanzo. Msimamizi mwema ni yule anayeujua mgongano huo kabla masanduku hayajapakiwa.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuihama Kigoma, mafundi waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nyingi. Walitenda kama watu wanaofunga sanduku, na si kama watu wanaozika maiti. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwezi Mei 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Grisi ile ilikuwa hatua ya kwanza ya ukarabati uliokamilika miaka kumi na moja baadaye, chini ya bendera nyingine. Anayefungua kitu huku akimfikiria atakayekiunganisha anaandika mwongozo bila karatasi.

7.0 Ndege: kosa lianzie mahali rahisi

Kabla ya kuzamishwa, Götzen ilishambuliwa Kigoma na chombo kingine cha vipande. Waingereza walikuwa wamewapa Wabelgiji ndege nne za majini za kampuni ya Short. Zilipelekwa kwa masanduku kupitia Kongo hadi upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, zikaunganishwa karibu na mahali ambapo leo ni Kalemie, na mwezi Juni 1916 zikairukia Kigoma. Meli ya masanduku ilipigwa na ndege za masanduku, kila moja imeunganishwa kwenye ufukwe wake wa ziwa moja.

Ndege inaongeza jambo ambalo meli hulificha. Meli ikivuja gatini hurudishwa kwenye chelezo. Ndege ikikosewa, kosa hugunduliwa angani. Ndiyo maana watu wanaojiundia ndege ndogo za vipande katika zama zetu hujadili sana waanzie wapi. Katika ndege za RV zinazouzwa kwa vipande na kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani, kawaida ni kuanza na mkia, kisha mabawa, kisha kiwiliwili, na injini na vyombo vya rubani mwishoni. Uimara wa ndege haulazimishi kuanza na mkia. Mkia huanza kwa kuwa ni sehemu ndogo na ya bei nafuu, inayohitaji ustadi ule ule wa kutoboa, kulainisha kingo na kupiga ribiti utakaohitajika kwingineko. Anayejifunza akiharibu bamba la mkia hupoteza fedha kidogo na kubaki na funzo. Injini nayo hucheleweshwa ili isikae miaka karakanani ikichakaa na kupitwa na wakati kabla haijawashwa.

Kutokana na mifano hii tunaweza kubainisha aina tatu za mfuatano. Ya kwanza ni mfuatano wa lazima: kinachofunikwa hutangulia kinachofunika, kama boila na sitaha. Ya pili ni mfuatano wa nafasi: kilichopo huendelea huku kisichofika kikingojewa, kama ilivyokuwa Kisumu. Ya tatu ni mfuatano wa tahadhari: hatua ambayo kosa lake ni rahisi hutangulia ile ambayo kosa lake ni ghali. Orodha ya namba, moja hadi mia, huzichanganya zote tatu na kuzifanya zifanane. Msomaji hawezi kujua ni hatua zipi anaruhusiwa kuzibadilisha na zipi akizibadilisha ataua mtu.

8.0 Sarufi ya mfuatano

Tutazame sasa sentensi nne zinazoeleza jambo moja:

(a) Weka boila. Funga sitaha.
(b) Weka boila kisha funga sitaha.
(c) Weka boila, ndipo ufunge sitaha.
(d) Usifunge sitaha kabla boila haijaingia.

Sentensi (a) ndiyo mtindo wa miongozo mingi iliyotafsiriwa. Inatoa amri mbili, na mpangilio wake ni wa karatasi tu. Sentensi (b) inaongeza wakati: hii baada ya ile. Lakini "kisha" haielezi iwapo kuna ubaya mpangilio ukigeuzwa. Mtu huamka, kisha hunywa chai, na akigeuza hakuna kinachoharibika. Sentensi (c) inabeba sharti: tendo la pili linapata ruhusa yake kutokana na la kwanza. Sentensi (d) inakwenda mbali zaidi. Inataja hatari yenyewe, na kwa kiambishi -ja- inamtaka fundi akague hali ya kazi ilivyo sasa: boila imeshaingia, au bado?

Kiambishi -ka- nacho kina mahali pake. Msimuliaji anayesema kwamba mafundi walilaza mkuku, wakasimamisha mataruma, wakapigilia mabamba, anatuonyesha mfululizo wa matendo yaliyokamilika. Hii ni lugha ya historia, ya mtu anayetazama nyuma. Fundi anayetazama mbele anahitaji "ndipo" na "kabla haija-". Kwa maneno mengine, Kiswahili kina sarufi moja ya kusimulia mfuatano uliotokea, na nyingine ya kuuamua mfuatano ambao bado. Miongozo yetu iliyotafsiriwa mara nyingi haitumii hata moja kati ya hizo. Huchukua amri fupi za Kiingereza na kuzipanga moja chini ya nyingine, kana kwamba ufupi ndio uwazi.

Huenda ikasemwa kwamba fundi mzoefu hahitaji sarufi, kwani akili yake inamtosha. Ni kweli kwa mzee wa Nakaloke. Si kweli kwa kijana aliyekuwa akisoma karatasi. Kijana yule hakukosa akili. Alikosa sentensi ambayo ingemwonyesha kwamba kifuniko cha mkanda kiko katika mfuatano wa lazima. Mzee alipokuwa akiuliza hiki kitafunika kipi, alikuwa akiirudisha karatasi kutoka sentensi (a) hadi sentensi (d), kipande kwa kipande.

9.0 Hitimisho

Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala mwingi kuhusu hatua hiyo umehusu walimu, vitabu na mitazamo ya jamii. Makala haya yanaongeza hoja moja. Ikiwa Kiswahili kitaingia Mbale na Jinja kama lugha ya maamkizi na insha peke yake, kitakuwa kimeziacha nje karakana ambazo tayari kinatumika. Vyuo vya ufundi vinahitaji vitabu vinavyoeleza kazi kwa "ndipo" na kwa "kabla haija-", vinavyomwambia mwanafunzi ni hatua zipi zinafungana, zipi zinaweza kungoja, na zipi zimewekwa mwanzo ili ajifunze kwa hasara ndogo.

Kwa watafiti, pendekezo ni kwamba tukusanye masimulizi ya mafundi wa Kisumu, Mwanza, Kigoma na Jinja wangali hai walioshiriki kuunganisha au kukarabati vyombo hivi. Tuwaulize walichokifanya, lakini hasa tuwaulize walichokataa kukifanya mapema, na kwa nini. Humo ndimo mfuatano unamojificha.

Wapagazi waliobeba Lady Alice hawakuacha maandishi, wala vibarua wa Kisumu na Kigoma. Walichoacha ni lugha waliyoifanyia kazi, nayo ingali na uwezo wa kusema kipi kitangulie. Mashine ile ya Nakaloke iliwashwa siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Kifuniko cha mkanda kilikuwa kitu cha mwisho kufungwa, na aliyekifunga alikuwa yule kijana.